Helikopta Isiyompa Mwalimu Mgongo

Mwalimu hakununua helikopta. Aliinyang'anya.

Binti yake aliyeko ng'ambo aliwatumia watoto wa kaka yake zawadi ya Krismasi, helikopta ndogo ya kuendeshwa kwa remoti, urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Mwalimu alilifungua boksi kwanza, eti kukagua usalama. Akavaa miwani, akasoma kijitabu cha maelezo mwanzo hadi mwisho, hata kurasa za Kichina akazipitisha kidole, kisha akawatangazia wajukuu kwamba chombo kile hakiwafai watoto. Kikapanda juu ya kabati la chumbani kwake. Wajukuu walilia mpaka Mwaka Mpya, na babu yao akaanza kuamka kabla hawajaamka, akitoka na kikapu kilichofunikwa leso.

Sisi tuliosoma kwake hatukushangaa. Mwalimu alikuwa amenyang'anya gololi, manati, vioo vya mfukoni na mipira ya nailoni ya vizazi viwili vya Kanyangi. Tofauti ni kwamba vile vingine vyote hakuvichezea mwenyewe, au kama alivichezea, hakuna aliyemwona.

Kila mtu alimwita Mwalimu. Wazazi wetu, pasta, muuza nyama, hata mkewe. "Mwalimu, chai iko tayari." "Mwalimu, umekanyaga kuku." Nilimsikia mkewe, Mama Kioko, akimwita kwa jina lake mara moja tu, siku chungu kilipopasuka, na jina hilo sitalitaja kwa sababu hata mimi nilijifanya sijasikia.

Mimi wakati huo nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu pale sokoni Kanyangi. Asubuhi moja akasimama mbele ya meza yangu, akafunua leso, na ndani ya kikapu kukawa na helikopta iliyokatika mkia.

"Syombua," akasema, "chombo kimevunjika."

Nilimtazama vizuri. Huyu ndiye mtu aliyenisimamisha mbele ya darasa zima nikiwa darasa la tano kwa kusema kiti kimevunjika. "Kiti hakijivunji," alinifokea. "Sema: nimevunja." Nikangoja. Alikohoa, akatazama upande wa duka la nafaka, akakohoa tena. Mwisho nikauchukua mkia nikaanza kuuunga, maana angeweza kukohoa hapo hadi jioni.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi wa helikopta, pengine wa pekee kati ya Kitui na Makindu. Sikuwa nimeomba.

Alikuwa na sheria zake za kuanza kuruka, na aliziandika kwa chaki kwenye mlango wa ghala lake. Ya kwanza: usiruke upepo ukiwa umeamka. Kanyangi upepo huamka saa tatu na kufika saa nne huwa umeshakasirika, hasa mwezi wa nane unaposokota vumbi na kulipandisha juu. Ya pili: kagua kila skrubu kabla na baada. Ya tatu: wiki ya kwanza usiende popote. Hii ndiyo iliyomtesa. Alisema kila mtu akishika remoti anataka kwenda, na helikopta ni chombo cha kwanza alichokijua ambacho kazi yake kubwa ni kutokwenda. Uiinue hadi usawa wa kifua, uishikilie hapo. Ukiiacha chini sana inapigwa na upepo wake yenyewe na kuyumba kama mlevi. Ukiipandisha juu sana unapata muda mrefu wa kujuta inapoanguka. Alifunga fito mbili nyembamba chini yake kwa umbo la msalaba, na kwenye kila ncha akatia kipira cha karatasi za nailoni, ili ikitua vibaya isibiringike. Ilikuwa mbaya kuitazama, lakini haikubiringika.

Kuhusu chungu, niseme tu ukweli kwamba kosa lilikuwa la kijitabu. Betri za helikopta hizi si za tochi. Ukizichaji vibaya huvimba, na zikizidi kuvimba hushika moto, kwa hiyo kijitabu kilisema zichajiwe ndani ya chombo kisichoungua. Mwalimu alizunguka nyumba nzima akitafuta chombo kisichoungua, akakipata jikoni. Kilikuwa chungu ambacho Mama Kioko alirithi kwa mama yake, chungu cha kupikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, chenye weusi wa miaka. Akakitia mchanga, akalaza betri, akaenda kunyoa ndevu. Kijitabu kilisema pia usiiache betri peke yake ikichajiwa, lakini hiyo ilikuwa ukurasa wa nyuma. Moshi ulipotoka dirishani chungu kilikuwa vipande vitatu. Nilikuwa nimefika na mabawa mapya niliyomwagizia, na hapo ndipo nikasikia lile jina.

Kesi ya kucha ilikuwa kubwa zaidi. Helikopta hutetemeka, na kwa kutetemeka hulegeza skrubu zake moja moja hadi siku inapokuacha na bawa mkononi. Nikamwambia dawa yake ni tone la rangi ya kucha kwenye kila skrubu, likikauka skrubu haitoki. Mwalimu, mzee wa kanisa, mwimbishaji wa kwaya, akaingia duka la urembo pale sokoni saa sita mchana na kusema kwa sauti yake ya gwaride, "Nipe rangi ya kucha. Nyekundu." Hakueleza. Akafungiwa, akaondoka.

Jioni soko zima lilikuwa na habari. Siku ya pili ilikuwa imevuka kwenda vijiji vya mbali, na huko kucha zilikuwa zimeshapata mwenyewe, mjane fulani mwenye gari. Siku ya tatu Mama Kioko akaja kibandani kwangu, akakaa juu ya ndoo, akafunga leso kiunoni.

"Syombua mwana wakwa, niambie tu. Ni nani?"

"Nani nini, mwaitu?" Kwetu kila mama ni mwaitu.

"Huyo wa kucha."

Nikatoa helikopta kutoka kwenye rafu nikaigeuza juu chini. Alizitazama zile skrubu nyekundu moja baada ya nyingine. Kisha akacheka hadi akateremka kwenye ndoo akakaa sakafuni, na wateja wawili wakarudi walikotoka wakidhani kuna msiba. Mwalimu alipoulizwa kwa nini hakumweleza mwenye duka, alisema hakuona sababu. Mwenye duka hakuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, jambo la mgongo.

Anayeanza kuruka hufundishwa kuiweka helikopta mkia ukiwa upande wake na pua ikitazama mbele. Hivyo kulia kwako ni kulia kwake, na mambo ni rahisi. Ikigeuka ikakutazama usoni, kila kitu kinapinduka. Ukitaka iende kulia kwako, inabidi usukume kushoto. Hapo ndipo watu wazima hulia. Wengine huchukua miezi.

Mwalimu alianza hapo hapo pagumu, na siku ya tatu alikuwa anaweza. Hakujua kwamba ni pagumu. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa amesimama mbele ya watoto na mbele ya kwaya, na mwalimu wa watoto wadogo akisema "mkono wa kulia juu!" yeye huinua wa kushoto, ili wanaomtazama wasichanganyikiwe. Amefanya hivyo gwaridani, amefanya hivyo kanisani, hadi mikono yake ikazaliwa upya kinyume. Helikopta iliyomtazama usoni ilikuwa kwake mtoto mmoja zaidi kwenye mstari. Iliyomgeuzia mkia ilimshinda kabisa. Mara moja alijaribu, ikaenda moja kwa moja ndani ya ua wa miiba, nami nikatumia siku mbili kuitoa miiba kwa koleo.

Lakini hakusema imemshinda. Alisema ni utovu wa adabu. Siku aliponikuta nyuma ya kibanda nikijaribu helikopta yake baada ya kuitengeneza, mkia kwangu na pua huko, alisimama akakunja uso.

"Kwa nini inakupa mgongo?"

"Ndivyo wanaanzanga, Mwalimu. Hata kwa kitabu imeandikwa."

"Kitabu kimeandikwa na mtu asiyefundisha. Mimi siongei na mtu aliyenipa mgongo."

Nikaiacha hiyo. Kwetu mdogo akimgeuzia mkubwa mgongo wakati anaongeleshwa, ni tusi. Mwalimu alikuwa amepata falsafa nzima ya kufunika udhaifu wake, na niseme ukweli, nilifurahi. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili na kwa mara ya kwanza najua kitu ambacho Mwalimu hakijui.

Hakuwa mtu wa kucheza, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Alikuwa mkali wa saa, mkali wa viatu, mkali wa koma na nukta kwenye matangazo ya kanisa. Siku moja nilimuuliza kwa nini anasumbuka na kitu hiki kila Jumamosi asubuhi, na magoti yake yale mabovu. Hakunijibu kwa mithali, ingawa alikuwa nazo nyingi. Alinihesabia wenzake waliostaafu pamoja naye. Wa sayansi alikaa nyumbani miezi saba akafa. Wa dini alikaa mwaka. "Na wa hesabu alinunua kiti cha kuegemea," akasema. "Akakiweka barazani. Kiti bado kiko."

Akainamia skrubu zake. Tangu siku ile nilipokuwa nikiunga mkia nilikuwa naunga kwa makini.

Kwa hiyo utaelewa uwanja ulikuwa na maana gani kwake. Kanyangi ni vilima, mashamba na miiba. Tambarare isiyo na miiba iko mahali pamoja tu, uwanja wa shule ya msingi, ile ile aliyofundishia, na ndipo alipokuwa akiruka kila Jumamosi. Bila uwanja hakukuwa na helikopta, na bila helikopta kulikuwa na baraza.

Halafu akampiga punda.

Punda alikuwa wa Nduku, mama mmoja jirani wa shule, anayevuka uwanja kila asubuhi akitoka kisimani. Upepo uliamka mapema siku hiyo. Helikopta ikasukumwa, ikageuka ikampa Mwalimu mkia, na hapo mikono yake ikasema kulia ni kushoto. Ikaenda kutua katikati ya mitungi minne mgongoni mwa punda huku ikizunguka na kupiga kelele. Punda akaondoka. Mitungi ikabaki, maji yakamwagika, maji ambayo Nduku alikuwa amepangia foleni tangu alfajiri. Mwalimu alimbebea maji mengine mwenyewe, mtungi kwa mtungi, na magoti yale. Lakini punda hakusamehe. Kila akifika ukingo wa uwanja aliganda kama kigingi, na Nduku akalazimika kuzunguka njia ya mbali hadi bondeni, kila siku, kiangazi kile.

Nduku hakupiga kelele. Alikwenda kwa mwenyekiti wa bodi ya shule, Musyoki, mwenye duka la mabati, na alikwenda na punda. "Mimi sina kesi na Mwalimu," alisema. "Huyu ndiye ako na kesi. Akikubali kupita hapo na hiyo kitu ikiwa hewani, mimi nimenyamaza. Akikataa, Mwalimu akae nyumbani."

Barua ikaandikwa. Jumamosi, saa moja asubuhi, Mwalimu airushe helikopta mbele ya bodi. Punda asipopita, uwanja umefungwa. Wajumbe sita wa bodi wote walikuwa wanafunzi wake, na nasikia walichukua nusu saa kukubaliana nani atampelekea barua. Walimpa mtu wa posta.

Mwalimu alifika uwanjani saa kumi na mbili na nusu. Saa moja tulikuwa yeye, mimi, Nduku na punda. Saa mbili wajumbe wakaanza kuingia na benchi. Mgeni rasmi, naibu wa chifu, alifika saa tatu kasoro. Kukawa na maombi. Kukawa na utambulisho, na kila mjumbe akasimama kusema jina lake, cheo chake na salamu kutoka kanisa lake, kana kwamba hatukuzaliwa nao. Mwalimu alikuwa akiitazama mikaratasi iliyoanza kukimbia pembeni mwa uwanja. Huyu mtu angeweza kumfukuza mtoto kwa kuchelewa dakika mbili, na sasa alisimama akila vumbi, kofia mkononi, kwa sababu alihitaji ule uwanja. Nilimhurumia mpaka nikakasirika.

Hatimaye wakamwambia anza. Wao walikuwa wamekaa upande mmoja, kwenye benchi la darasa nyuma ya meza yenye kitambaa. Yeye akasimama upande wa pili, helikopta katikati, pua ikimtazama. Ikapanda hadi usawa wa kifua, ikatulia. Nikapumua.

Musyoki akainua mkono.

"Samahani Mwalimu, kwa heshima zote. Hiyo ndege imetupatia mgongo. Na mgeni rasmi ako hapa."

Wajumbe wakaitikia kwa kichwa. Naibu wa chifu akajiweka sawa kwenye benchi, akagundua kwamba kweli amedharauliwa.

"Igeuze itutazame sisi," akasema Musyoki. "Hiyo tu."

Hiyo tu. Ikiwatazama wao, itampa yeye mkia. Watu wote pale waliona ombi dogo la adabu, na walikuwa wamefundishwa adabu hiyo na yeye mwenyewe. Mimi peke yangu nilijua kwamba akiigeuza, itaishia mezani kati ya soda. Mwalimu akaitua. Akasimama akiitazama, na shavu lake moja lilikuwa likicheza. Upepo ukapeperusha kitambaa cha meza.

Kisha akaenda katikati ya uwanja, akaigeuza kwa mkono ikawatazama wageni, na badala ya kurudi alikotoka akaendelea kutembea. Akaizunguka meza, akafika kwenye benchi.

"Songeni," akasema.

Musyoki aliruka kusimama, mikono ubavuni, mtu mzima mwenye duka la mabati. "Kaa hapa, Mwalimu, mimi nitasimama."

"Kaa. Songa tu. Tafadhali."

Sijawahi kusikia neno lile likitoka kinywani mwake kabla ya hapo. Wakasongamana. Mwalimu akajipenyeza kati ya Musyoki na naibu wa chifu, akaweka remoti juu ya kitambaa, na helikopta sasa ikawa inawatazama wote, wao na yeye, kwa adabu moja.

Ikapanda. Nduku akavuta kamba. Punda akafika ukingoni, akaganda, masikio juu. Helikopta ilikuwa hatua ishirini hivi kutoka kwake na haikusogea hata kidogo, na hapo nikamsikia Mwalimu akivuma wimbo puani, wimbo wa kwaya wa zamani, kama alivyofanya kila mara alipohitaji mikono itulie. Musyoki akaingia na besi. Sidhani alijua. Mama mmoja mjumbe akachukua sauti ya pili. Bodi nzima ya shule ikawa inavuma kwa sauti nne, macho kwa punda, na naibu wa chifu, ambaye ni mtu wa kutoka kwingine, akitazama kushoto na kulia bila kuelewa.

Punda akakojoa. Akafikiri. Akapita.

Walipiga makofi hadi mitungi ikatikisika. Na ingeishia hapo kama naibu wa chifu hangetaka kuonekana amefanya kazi.

"Vizuri sana, Mwalimu. Sasa igeuke tuone side ile ingine."

Nilimfanyia ishara kutoka pembeni. Sema betri imeisha! Ingekuwa karibu kweli, betri ile hudumu dakika saba. Mwalimu aliniona, akasimama.

"Upande ule siujui," akasema. "Ndiyo sababu punda alipigwa. Nimevunja mimi."

Nilimpenda sana Mwalimu dakika ile, na nilitaka kumpiga kwa kiatu.

Bodi ikanong'ona. Uamuzi ukawa huu: aruke hadi shule zifunguliwe muhula ujao. Kabla ya hapo alete barua kutoka kwa mtu anayeijua kazi hiyo, yenye maksi, kuonyesha anaweza kuirusha pande zote mbili. Chini ya nusu, uwanja umefungwa. "Na isiwe barua ya kujiandikia, Mwalimu," Musyoki akaongeza, akiangalia kitambaa.

Mtu anayeijua kazi hiyo alikuwa mmoja, na wiki ile ile nilikuwa nahamishia duka langu mji wa Wote. Nilimwambia aje wakati wowote. Akaitikia vizuri na hakuja. Wiki tatu zikapita, nne. Nilimpigia simu, akaniuliza habari za biashara na hali ya mvua. Kujifunza kwa mwanafunzi wake, tena yule wa kiti kilichovunjika! Nilielewa. Halafu jioni moja Mama Kioko akanipigia, na hakunisalimia.

"Syombua," akasema, "amenunua kiti."

"Kiti gani?"

"Cha kuegemea. Ako nacho barazani."

Baada ya kuzima simu nikamwandikia Mwalimu ujumbe mfupi, nikiuandika na kuufuta. Mwisho ulisema hivi: Jumamosi saa moja, uwanja ulio nyuma ya soko, Wote. Ukichelewa sitakungoja.

Alikuwepo saa kumi na mbili na nusu, na kikapu, na leso juu ya kikapu. Alikuwa amelala kwa shemeji yake mjini ili asichelewe. Alikuwa amekonda. Tukasalimiana, akaniuliza nimekula, kisha akaweka helikopta chini, mkia ukimwelekea, na akasimama mikono mitupu akingoja kuambiwa. Kule kungoja ndiko kulikonishinda. Nilijikuta napanga maneno mara mbili mbili.

Mara ya kwanza ikaenda kulia badala ya kushoto. Mara ya pili vile vile. Mara ya tano ikavunja fito mbili, nikafunga nyingine. Nikisema kulia, mikono yake ilinitafsiria kwa watoto waliomtazama miaka thelathini. Jua likapanda. Nilijua upepo uko karibu, na barua, na kile kiti, na mara ya tisa sauti ikanitoka kabla sijaikamata.

"Kulia! Nimesema kulia! Unasikiliza ama unaota ndoto?"

Ilikuwa sauti yake, hata kuinua nyusi. Vijana waliokuwa wakiosha pikipiki pembeni wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze na duka langu jipya.

Mwalimu alivua kofia.

"Samahani, Mwalimu," akasema.

Nilimtazama usoni nikitafuta dhihaka. Haikuwepo. Akavaa kofia, akashika remoti, na kwa mara ya kwanza hakuvuma wimbo. Alikuwa akijisemea polepole, kulia ni kulia, kulia ni kulia. Ikainuka. Ikayumba, akairudisha. Kisha akaisukuma mbele, ikaanza kwenda, mkia ukitutazama, hatua tano, kumi, ishirini, ikazidi kuwa ndogo.

"Sijawahi kuiona ikienda," akasema. "Nimeizoea ikija."

Akairudisha kinyumenyume hadi miguuni mwetu, ikatua bila kubiringika. Tukarudia mara nne. Ya nne upepo ukaikuta, ikamponyoka, ikaangukia nyasi, na tukaona ndio basi.

Dukani alikataa soda na akakataa kukaa. Nilipotoa karatasi alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, visigino pamoja.

"Usinionee huruma," akasema.

Nikaandika kwamba helikopta ikimtazama, simjui anayemshinda. Kwamba ikimpa mgongo anaweza kuiinua, kuipeleka hatua ishirini, na kuirudisha ikatua salama. Kwamba upepo ukiingia bado anababaika. Kwamba akirekebishwa hashiki mara ya kwanza. Nilifika mwisho nikasita, kwa sababu kalamu ilitaka kuandika tisa, na yeye angejua ile tisa ni ya huruma. Nikaandika sita kwa kumi, nikamsukumia.

Akaisoma kwa miwani, taratibu, mara mbili. Kisha akatoa kalamu mfukoni. Akaongeza koma moja niliyoisahau, akanirudishia nitie sahihi.

"Sita ni halali yangu," akasema, akiikunja barua na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Akachukua kikapu, akafika mlangoni, akageuka. "Na hiyo ya upepo, tunarudia lini?"